Mpaka Kisirani Akubali Tandiko

Tarehe 6, mwezi wa pili

Mke mwenzangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja tu, maana miwani imekatika mkono mmoja, na mimi sina muda wa kukaa nimeishikilia puani kama hakimu. Ile simu uliyoniachia nimeitia kabatini chini ya mashuka. Ikilia inamshtua farasi, na maneno yake yakishasemwa hayapo tena. Wewe andika. Nilikupeleka shule ili uandike. Mimi niliishia darasa la tatu na bado unanisoma, sivyo?

Makubaliano yetu nayakumbuka, usinikumbushe kama mtoto anayetumwa dukani. Mkuu wa hicho kituo chenu atakutoa kwenye kuzoa mavi akupe kazi ya kufundisha watu kupanda farasi, ukija na farasi wako mwenyewe aliyezoea tandiko, kabla mwezi wa saba haujaisha. Mimi nimesema nitamzoeza Kisirani. Siku atakapokubali nitakuandikia, utatuma lori, atakwenda. Nimeshasema. Babu yako kashona matandiko ya farasi miaka arobaini, halafu mjukuu wake ashike koleo la mavi! Hapana.

Na habari ya kukuaga usinirudie tena. Siku ile sikutoka nje kwa sababu nilikuwa naosha ndoo. Ndoo zilikuwa chafu.

Leo nimeanza na gunia tupu. Nimemnusisha, nimempangusa nalo shingo, nimelilaza mgongoni. Amelitupa. Nimeliokota. Amelitupa. Nimeliokota. Mara ya tisa ameliacha likae, amenigeuzia jicho moja kama mwalimu mkuu aliyemkuta mtu anatafuna darasani. Nikamwambia, "Utanitazama mpaka lini? Mwenzako alinitazama hivyo hivyo miaka yote na uji alikunywa."

Mwenzako ni wewe.

Kile kikohozi kinywee dawa. Usiniambie kimepoa chenyewe.

Bibi yako


Tarehe 19, mwezi wa pili

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Chumba changu na chake vimetenganishwa na ubao tu. Akigeuka kitandani nasikia. Sijawahi kumwona uso. Mimi natoka kabla hajaamka, yeye anarudi nimeshalala.

Kazini mambo ni yale yale. Koleo, toroli, maji, nyasi. Watu wanakuja kupanda, wananipa kofia zao niwashikie, wanaondoka. Wiki nzima inaweza kupita bila mtu kuniita chochote zaidi ya "wewe."

Mkuu ameniambia kuna mtu mwingine anayeitaka ile kazi, na farasi anaye. Lakini mkuu ni mzito, hana haraka ya kuamua, na amenipa neno lake mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Kwa hiyo roho yangu yote iko huko bandani kwako.

Kisirani ameshafungwa mkanda wa tumbo? Na wewe, unakula? Siku hizi unazungumza na nani?

Mjukuu wako


Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu,

Nazungumza na watu wengi. Siwezi kuwataja wote, karatasi haitoshi.

Nakula.

Mkanda amefungwa. Kwanza nilimzungushia kamba laini ya kitambaa, naivuta kidogo, naiachia, ajue kwamba kinachobana huachia. Siku nne hivyo. Halafu nikamfunga mkanda wenyewe, tundu la kwanza. Mjanja huyo! Nikivuta anajaza tumbo upepo, anavimba kama kibuyu, anajitia hamnazo. Nikigeuka anatoa pumzi, mkanda unaning'inia. Nikamwambia, "Mimi nimeishi na mwanamume aliyekuwa akijifanya amelala kila maji yanapotakiwa kuchotwa. Hunipati." Nikamtembeza mizunguko mitatu uani, pumzi ikamtoka, nikavuta tundu la pili. Kapigwa na butwaa.

Tandiko nimelitundika kwenye ubao karibu na hori lake, alinuse anapokula. Ni lile la mwisho la babu yako. Nimelipaka mafuta mara mbili, ngozi imekuwa laini kama sikio. Ukilipokea utaona mshono wa upande wa kulia umenyooka na wa kushoto umelegea kidogo. Wa kushoto ni wangu. Yeye alifika nusu akafa, na mimi sikutaka kitu chake kikae nusu. Usimwambie mtu. Waache waseme siku hiyo fundi alikuwa na usingizi.

Huyo jirani yako mgongee ukuta na wewe. Mwambie una bibi.

Bibi yako


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu,

Tandiko amekataa.

Nimemwekea, amekataa kata kata. Amelirusha kule. Sina la kuongeza. Farasi ana kichwa kigumu, alizaliwa nacho, mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Tutajaribu tena. Usilete lori.

Bibi yako


Tarehe 12, mwezi wa nne

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole kwa kazi. Hukuumia? Barua yako ilikuwa fupi, nikaogopa.

Nimemuuliza mtu mmoja hapa anayewajua farasi wadogo. Anasema labda ni vikuku, vile vyuma vya kutia miguu, vinampiga mbavuni anaposogea. Anasema uviondoe kwanza, umzoeshe ngozi tupu, urudishe kimoja kimoja. Na anasema mtu asiongee. Farasi anataka utulivu.

Najua utasema nini. Nimeandika tu alivyosema.

Bibi, kila Jumapili naosha sare yangu naianika dirishani, halafu nakaa kuitazama inavyokauka. Nawaza siku utakayoniandikia neno moja tu: "Amekubali." Sihitaji barua ndefu.

Mjukuu wako


Tarehe 9, mwezi wa tano

Mke mwenzangu,

Vikuku nimeondoa. Bado anakataa. Mwambie huyo mjuzi wako aje yeye, nimkabidhi farasi na mdomo wake mwenyewe aunyamazishe.

Juma la kwanza kulinyesha, ua ukawa tope, siwezi kumfunga tandiko kwenye tope. Juma la pili nyigu walijenga juu ya mlango wa banda. Juma la tatu mimi mwenyewe goti lilikuwa linaniuma. Unaona basi. Si uvivu.

Mwezi huu barua yako imechelewa siku tisa. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba anayeleta barua anapita kwetu saa nne asubuhi, na mimi saa nne huwa niko langoni kwa shughuli zangu, kwa hiyo najua.

Ukiandika, andika kwa herufi kubwa na karatasi mbili. Moja inaisha haraka.

Bibi yako


Tarehe 2, mwezi wa sita

Bibi yangu,

Shikamoo. Karatasi mbili hizi hapa, ila ya pili sina cha kuijaza.

Yule mtu mwingine alikuja jana na farasi wake. Wa kahawia, mpole, miguu minne mizuri. Mkuu alimpanda, akazunguka uwanja mara mbili, akashuka anatabasamu. Mimi ndiye niliyemshikia farasi hatamu. Nikampa maji pia.

Baadaye mkuu akaniambia, "Wewe nilikuahidi, sitavunja. Lakini ikifika tarehe thelathini na moja na huna farasi, usinililie." Nikasema sawa.

Niambie ukweli, Bibi. Kama Kisirani hataweza, sema tu. Kungoja ndiko kunakonimaliza. Nikijua hapana, nitalala.

Mjukuu wako


Tarehe 17, mwezi wa sita

Mwanangu,

Hujambo huko? Ni mimi, fundi wa kwato, ninayekuja kuzipunguza kwato za Kisirani kila baada ya wiki sita. Sikuwahi kukuandikia, lakini jana nilikwenda kwa bibi yako, nikasema lazima nimpe mtoto hongera.

Kwa kweli ameifanya kazi! Nilimkuta farasi ametandikwa, mkanda umebana, vikuku vyote viwili vinaning'inia, na juu ya tandiko viroba viwili vya mchanga azoee uzito. Naye katulia kama kondoo. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye kibao mbele yake anamsema. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Alikuwa anamsimulia habari za kikohozi chako na jirani yako wa ukutani. Farasi anasikiliza, masikio mbele.

Nikamuuliza, amekubali lini? Akaniambia nifanye kilichonileta. Lakini mimi si mgeni wa kazi hii. Manyoya pale mkanda unapopita yameshalala na kung'aa. Hiyo si kazi ya wiki moja. Ni miezi miwili na zaidi.

Lori langu lipo. Ukitaka nikuletee, sema neno. Nauli niachie mimi. Marehemu babu yako alinishonea mkoba wa vyombo ninaoutumia mpaka leo.

Mimi fundi wa kwato


Tarehe 26, mwezi wa sita

Bibi yangu,

Shikamoo.

Fundi wa kwato ameniandikia. Hakuwa na nia mbaya, usimfokee.

Sina swali. Nilikaa na barua yake siku tatu, nikazitoa zako zote nikazipanga kitandani kwa tarehe. Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, mwezi wa tano. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuuliza unazungumza na nani, na ulinijibu kabla ya kunijibu habari ya chakula.

Nimemwambia mkuu ampe kazi yule mwenzangu. Akasema nisiwe na haraka, tarehe bado, nirudi nikitulia. Nimetulia, Bibi. Kisirani mwache hapo hapo. Kuzoa mavi nimezoea, na mikono imeshakuwa migumu, haitoki malengelenge.

Nitaendelea kuandika hata kama hakuna cha kungoja. Karatasi mbili.

Mjukuu wako


Tarehe 4, mwezi wa saba

Wewe mtoto,

Barua hii anakuletea fundi wa kwato, pamoja na Kisirani, pamoja na tandiko, hatamu, ndoo yake ya maji na lile gunia. Usimrudishe. Ukimrudisha nitafunga lango.

Nani kakutuma unihurumie? Nimekuomba? Nimekulea toka ukiwa huna hata jino, leo unanitupia kazi yako miguuni kama mtu anayempa maskini kanzu kuukuu! Nilivyosoma barua yako nilimkasirikia kila mtu, mpaka kuku.

Basi sikia, maana nitaandika mara moja.

Alikubali tarehe ishirini na mbili mwezi wa tatu. Asubuhi, jua limefika kwenye hori. Nilimlazia tandiko mgongoni kama unavyomfunika mtoto aliyelala, nikafunga tundu la kwanza, la pili, la tatu. Akapiga hatua moja, ngozi ikalia, akasimama kuisikiliza. Halafu akashusha kichwa akaendelea kula. Basi. Wiki sita za kumwogopea zikaisha kwa kutafuna nyasi.

Nikaenda ndani kuchukua kalamu nikuandikie. Nikaandika tarehe. Nikaandika "Mke mwenzangu." Halafu nikasikia nyumba. Unajua nyumba hii ilivyo. Saa ya babu yako imesimama toka mwaka juzi, na mimi sikuitia ufunguo. Nikawaza, nikiandika neno hilo, lori litakuja, na nitaisikia nyumba hii kila siku. Nikaiacha kalamu. Baada ya siku nane nikakuandikia uongo.

Tope lilikuwepo kweli. Nyigu walikuwepo kweli. Lakini hawakumzuia farasi.

Na barua zako sizisomi mara moja. Na zile ndoo, siku unaondoka, zilikuwa safi. Nilikuwa naziosha safi.

Usijibu mambo haya. Mpande farasi, uchukue kazi.

Bibi yako


Tarehe 10, mwezi wa saba

Bibi yangu,

Shikamoo. Kisirani amefika salama. Aliposhuka kwenye lori aliniwekea pua kwapani, nikamkumbatia shingo.

Mambo uliyonikataza kuyajibu sitayajibu. Nimeyaweka.

Ila sasa kuna tatizo. Hataki tandiko. Si uongo, Bibi, wala silipizi. Kila nikimwekea anarudi nyuma, macho meupe, jasho mabegani. Leo amemkanyaga mtu. Nimefanya yote tuliyofundishwa hapa kituoni: watu nimewaondoa, mlango nimeufunga, sisemi hata neno, napumua pole pole. Kadiri ninavyonyamaza ndivyo anavyozidi kutetemeka. Mkuu alitazama, akatikisa kichwa. Akasema kaletewa farasi wa porini.

Zimebaki siku ishirini na moja. Nimekosea wapi?

Mjukuu wako


Tarehe 16, mwezi wa saba

Wewe,

Umemnyamazia!

Huyo farasi hajawahi kufungwa mkanda kimya tangu azaliwe. Toka gunia la kwanza mpaka viroba vya mchanga, mimi nilikuwa namsema. Kimya kwake ni hatari. Mimi nikinyamaza, ama kuna nyoka, ama naumwa. Kosa ni langu, nakubali, na usizoee kunisikia nikikubali. Farasi huzoezwa ili apandwe na mtu yeyote. Mimi nilimzoeza kwa mdomo wa mtu mmoja, kwa sababu hapakuwa na mdomo mwingine.

Sasa fanya hivi. Simama upande wake wa kushoto, begani. Weka gunia kwanza, lile lile, lina harufu ya nyumbani. Halafu mseme. Usimbembeleze, hajui kubembelezwa, atadhani umechanganyikiwa. Mwambie mvivu. Mwambie kichwa kama nyundo. Muulize anadhani yeye ni nani, na nani atamtembeza hapa siku nzima. Unavuta mkanda unamsema, unaachia unamsema. Mambo yakikuishia, chukua barua zangu umsomee. Humo matusi yapo ya kutosha mwaka.

Sauti yako na yangu zinafanana ukikasirika. Babu yako alisema hivyo kila mara, na sisi wawili tulikuwa tunamkatalia kwa pamoja.

Bibi yako


Tarehe 28, mwezi wa saba

Bibi yangu,

Shikamoo.

Amekubali.

Nilisema sihitaji barua ndefu, lakini mimi nitakuandikia ndefu. Nilipopata barua yako nilikwenda bandani na bahasha zote mfukoni. Gunia, halafu nikaanza. Mwanzo niliona haya, wenzangu walikuwa wanasikiliza. Nilimwambia mvivu kwa sauti ndogo. Sikio moja likaja mbele. Nikamwambia kichwa kama nyundo. La pili likaja. Ndipo nikaanza kusoma, toka ile ya mwezi wa pili. Nilipofika "Utanitazama mpaka lini?" akapumua pumzi ndefu, mgongo ukalegea, na mimi nikaweka tandiko la babu. Tundu la kwanza nikisoma habari za nyigu, la pili goti, la tatu ndoo. Kwenye ndoo nilishusha karatasi, akageuka kunitazama, kama anauliza mbona umeacha. Nikaendelea.

Jana nimempanda mbele ya mkuu, uwanja mzima, nikimfokea njia nzima. Watu wamecheka mpaka wameshika matumbo. Mkuu pia. Kisha akasema nianze kufundisha tarehe moja. Watoto waliokuwa wakitazama wameshaanza kuniita Mwalimu Mkali.

Nitakuja mwezi wa kumi na mbili, kituo kikifungwa wiki tatu. Nimeshaomba.

Sasa na mimi nikuulize tena lile swali: siku hizi unazungumza na nani? Usinitajie watu wengi.

Mjukuu wako


Tarehe 6, mwezi wa nane

Mke mwenzangu,

Vizuri. Usivimbe kichwa. Mpunguzie mkanda tundu moja akishatembea, na ukimaliza umpanguse jasho kabla hujapangusa lako.

Swali lako nitalijibu ili uache kuniuliza.

Asubuhi ya kwanza baada ya Kisirani kwenda, nilichota maji kama kawaida nikaenda bandani. Nilifika kwenye hori ndipo nikakumbuka. Nilisimama na ndoo mkononi, sikujua niipeleke wapi. Siku ya pili nikafanya hivyo hivyo. Siku ya tatu nililiweka tandiko kuukuu la babu yako, lile lililopasuka, juu ya ubao wa ukuta, nikafunga mkanda chini yake, tundu la kwanza, la pili, la tatu. Ubao haujazi upepo. Niliusema kidogo nikaacha. Hausikilizi vizuri.

Saa nimeitia ufunguo. Inapiga. Si mtu, lakini inajibu kila baada ya muda.

Fundi wa kwato anapita siku za Jumatano, eti anatazama kama lango langu limelegea. Halijalegea. Anakaa anaongea mpaka chai inapoa, mimi namwambia aondoke, haondoki.

Basi hao ndio watu wangu wengi: ubao, saa, na mzee mmoja asiyejua kuondoka. Na wewe, siku anayeleta barua akisimama.

Mwezi wa kumi na mbili usilete zawadi, sina pa kuweka. Kama lori litapatikana, mlete na Kisirani, nimsikie kama umemharibu. Kama halitapatikana, njoo peke yako kwa miguu yako, maneno yako nimekuwekea na yamerundikana. Shuka pale barabara inapokata kona, usipite njia ya nyuma, maana nitakuwa nimesimama langoni toka asubuhi.

Ndoo nitaziosha siku nyingine.

Bibi yako